Fremu, vyumba au ghorofa? Jibu kwa mwalimu mstaafu mwenye kiwanja Chamazi

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mbagala. Mimi na mume wangu tuna kiwanja kilichopimwa Chamazi, mita 20 kwa 30. Tulikipata 2011 na tunayo ofa yake. Katika mafao yangu nimebakiwa na milioni 80. Mume wangu anataka tujenge fremu sita za maduka upande wa mbele. Fundi anasema zitakula milioni 36, na fremu za jirani zinapangishwa 70,000 kwa mwezi. Mimi naona bora nyumba nne ndogo za kupangisha, kila moja chumba, sebule, jiko na choo ndani. Hizo fundi amezipigia hesabu ya milioni 72, na kama hizo pale mtaani zinakwenda 150,000. Kijana wetu anasema hayo yote ni mambo madogo, tuweke hati benki tukope milioni 150 tupandishe ghorofa lenye apatimenti nane. Nataka kodi inisaidie pembeni ya pensheni. Tufanye lipi?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Naanza na la kijana, maana kati ya hayo matatu ndilo pekee linaloweza kuwaondolea kiwanja chenyewe.

Chukua mkopo wa milioni 150 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, wa kurejeshwa kwa miaka 10. Rejesho lake ni kama milioni 2.6 kila mwezi. Apatimenti nane, hata mkizipangisha 200,000 kila moja (na hiyo ni juu ya bei ya jirani yenu), zikajaa zote na asichelewe hata mpangaji mmoja, zinaleta milioni 1.6. Hiyo milioni moja inayopungua kila mwezi itatoka wapi kama si kwenye pensheni yako? Tena rejesho halingoji jengo lipauliwe wala mpangaji wa kwanza ahamie. Na kwa kuwa umeshastaafu, sidhani kama benki itakupa miaka 10. Itakupa michache zaidi, na muda ukipungua rejesho linapanda.

Halafu ghorofa si nyumba ya chini iliyoongezwa ngazi. Linahitaji kupima udongo, michoro ya msanifu na ya mhandisi, mkandarasi aliyesajiliwa na kibali cha ujenzi cha manispaa, na vyote hivyo ni fedha kabla hujanunua hata nondo moja. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, likaua watu 36. Novemba 2024 jingine likaporomoka Kariakoo na kuua watu waliokuwa kwenye shughuli zao. Akikuambia fundi wa mtaani kwamba msingi huu utabeba tu, mwombe aandike na kutia saini uone atakavyobabaika. Kwa hiyo kijana mwambie ahsante, wazo lake lingoje mtu mwenye mshahara wa kulilisha.

Sasa tuje kwenye ubishi wako na mzee. Kwenye karatasi mzee anakushinda, na ni vizuri ulijue hilo kabla hamjakaa tena kuzungumza. Fremu sita kwa 70,000 ni 420,000 kwa mwezi, milioni 5.04 kwa mwaka, kwa mtaji wa milioni 36. Hiyo ni asilimia 14. Nyumba zako nne kwa 150,000 ni 600,000 kwa mwezi, milioni 7.2 kwa mwaka, kwa mtaji wa milioni 72, yaani asilimia 10. Isitoshe fremu haina bomba la kuvuja wala choo cha kuziba, na mpangaji wa duka hupaka rangi mwenyewe na kutengeneza mashelfu yake kwa fedha yake.

Shida ni kwamba hesabu hizo zote mbili ni za nyumba iliyojaa mwaka mzima. Nyumba ya namna hiyo sijaiona. Katika kazi hii ya kuthamini na kusimamia nyumba, kitu kinachotenganisha mwenye nyumba anayepata na anayelalamika ni miezi ambayo mlango umefungwa, na hiyo haimo kwenye karatasi ya fundi. Fremu tatu kati ya sita zikikaa na kufuli, ile asilimia 14 inakuwa 7, na hapo bado Mamlaka ya Mapato (TRA) hawajagusa kitu.

Nenda Chamazi mwenyewe, mwalimu, usitume mtu. Nenda siku ya kazi saa tano asubuhi, utembee mtaa wenu na mitaa miwili ya jirani ukihesabu fremu: ngapi zimefunguliwa, ngapi zina kufuli, na kati ya hizo zenye kufuli ngapi zina vumbi na nyavu za buibui kwenye kitasa. Rudi tena saa moja na nusu jioni, maana huku kwetu biashara nyingi za mtaani huamka jioni: chipsi, genge, dawa, wakala wa fedha za simu, saluni. Fremu iliyofungwa nyakati zote mbili haina mpangaji, au inaye asiyelipa. Waulize wenye maduka wamekaa hapo muda gani. Ukikuta fremu moja imepita saluni, duka la nguo na stoo ya magodoro ndani ya mwaka mmoja, mtaa unakuambia wateja hawatoshi.

Hukusema kiwanja kiko umbali gani kutoka barabara ya lami, na hilo ndilo lenye uzito kuliko yote kwa upande wa mzee. Kama daladala za Mbande zinapita mbele yenu, au mko kwenye njia inayofurika watu siku ya mechi pale uwanja wa Azam, basi ana hoja. Kama mko mtaa wa tatu ndani, ambako anayepita ni anayekwenda kwake tu, fremu mbili zitapata watu na nne zitakuwa stoo. Watu hupenda kutaja fremu za Kariakoo zinazolipa mamilioni, na mzee bila shaka ana ndugu au rafiki wa kumtolea mfano. Lakini Kariakoo ina mnunuzi kutoka Zambia, Congo, Malawi na Comoro anayeshusha mzigo wa jumla. Chamazi mnunuzi ni jirani anayetaka nusu kilo ya sukari. Tena hata Kariakoo si ile ya kujivunia bila hofu. Mwaka 2025 Serikali ilipopiga marufuku wageni kufanya biashara kadhaa za rejareja, wenye majengo waliokuwa wamezoea wapangaji wa nje walilazimika kupiga hesabu upya.

Nyumba za kuishi zina utulivu zaidi. Mtu anaweza kufunga duka akae nyumbani, lakini nyumbani hapafungwi. Ndiyo maana kwa mstaafu anayetaka fedha ya kila mwezi mimi huegemea upande wako. Lakini nikuonyeshe kinachobaki kweli katika hiyo milioni 7.2.

Toa mwezi mmoja kwa kila nyumba, wa kuhama na kuhamia, inabaki milioni 6.6. Kodi ya Serikali kwenye pango ni asilimia 10 ya unachopokea, kabla ya kutoa gharama yoyote: toa 660,000, inabaki milioni 5.94. Weka kando 600,000 za matengenezo, yaani kodi ya mwezi mmoja kwa mwaka, kwa vitasa, koki, rangi, bati lililotoboka. Mwaka mwingine hutaigusa, mwaka mwingine haitatosha. Inabaki milioni 5.34. Kunyonya choo, usafi, taa ya nje na dharura za maji, tuseme 400,000. Unabaki na milioni 4.94 kwa mwaka, kama 410,000 kwa mwezi. Kwa mtaji wa milioni 72 hiyo ni asilimia 7 kasoro. Wala sijakuhesabia thamani ya kiwanja, ambacho nacho ni fedha yenu.

Linganisha na hatifungani za Serikali za muda mrefu zinazouzwa na Benki Kuu, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba. Unaanza na milioni moja, riba unaipata kila baada ya miezi sita, na riba hiyo haikatwi kodi. Zile za miaka 25 zilipoanza mwaka 2021 zilikuwa na riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata ikashuka hadi 12.56, na tangu hapo imekuwa ikipanda na kushuka kwa matoleo mapya. Ukiisha kununua, lakini, riba yako ni ileile hadi mwisho. Tuchukue asilimia 12 kwa mfano: milioni 72 zingekuletea milioni 8.64 kwa mwaka bila kuziba bomba la mtu. Ni zaidi ya mara moja na nusu ya kile kinachobaki kwenye nyumba.

Sikwambii usijenge. Hatifungani haipandishi riba maisha yanapopanda, na ukitaka kuitoa kabla ya muda unaiuza sokoni kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Nyumba kodi yake hupanda, kiwanja cha Chamazi cha leo si bei ya mwaka 2011, na wajukuu watakuta kitu kimesimama. Ninachokataa ni kuweka milioni 72 kati ya 80 kwenye tofali, ukabaki na milioni nane za kuugua, za ada za watu, za misiba na za fundi anayerudi kusema simenti imepanda. Na fundi atarudi tu. Mjenzi mstaafu akiishiwa hajengi tena, anabaki na boma lisilo na bati, na boma halileti kodi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chora nyumba zote nne kwenye ramani moja, ili mpangilio wa kiwanja ujulikane tangu mwanzo, kisha jenga mbili. Hazitakuwa nusu kamili ya gharama, maana shimo la choo, kuvuta maji na sehemu ya ukuta utalipia sasa kwa ajili ya zote. Weka milioni 40. Milioni 30 nunua hatifungani. Milioni 10 zilizobaki zikae mahali unapoweza kuzichukua ndani ya siku chache, kama mfuko wa Ukwasi wa UTT, ambao ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, usiziache kwenye akaunti ya kawaida isiyo na faida.

Tupige tena. Nyumba mbili kwa miezi 11 ni milioni 3.3. Toa kodi ya Serikali 330,000, matengenezo 300,000 na mengineyo 200,000, unabaki na milioni 2.47. Hatifungani kwa ile asilimia 12 ya mfano, milioni 3.6. Jumla ni milioni 6.07 kwa mwaka, zaidi ya 500,000 kwa mwezi, na bado hujahesabu faida ya zile milioni 10. Nyumba ya tatu na ya nne zitajengwa polepole kwa riba hiyo, bila haraka na bila mkopo.

Kabla ya tofali la kwanza, lakini, kuna jambo la ofa. Kijana anasema mweke hati, wewe umeandika mnayo ofa. Hati hamna bado. Ofa ni barua ya toleo. Inaonyesha mmepewa na masharti ni yapi, lakini mpaka hatimiliki isajiliwe kwa Msajili wa Hati hamjakamilisha. Watu wamekaa na ofa miaka 15 wakiamini ni hati, siku ya kuuza au ya mirathi ndipo wanashtuka. Nendeni ofisi ya ardhi ya manispaa na ofa halisi, mlipe malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi kama yapo, mkamilishe hati. Iandikwe majina yenu wote wawili. Nimeona wajane wakigombana na mashemeji kwa sababu ya jina moja lililokosekana kwenye karatasi.

Pale pale soma mstari wa matumizi ya kiwanja. Kama kimeandikwa makazi, fremu sita za mzee zinahitaji kibali cha kubadili matumizi kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kuwa makazi na biashara. Wengi hawaombi, wanajenga tu, na kwa kuwa jirani naye amejenga wanadhani ni ruhusa. Manispaa ikiamua kufuatilia, mwenye kuumia ni aliyeweka fedha yake.

Mwombe mpima akuonyeshe vigingi vya kiwanja, na uulize hifadhi ya barabara inaishia wapi. Hapa fremu hujengwa zikivutwa mbele kabisa ili zionekane, na kibaraza kinatoka nje ya mpaka. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na mahali pengine hifadhi ni kubwa kuliko hapo. Barabara ya Morogoro mwaka 2017, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, nyumba na maduka yaliyokuwa yamepigwa X yalibomolewa, mengine yakiwa yamesimama miaka mingi na yakilipa kodi zote. Barabara yenu leo inaweza kuwa ya vumbi, kesho ikatajwa kwenye bajeti.

Mambo ya ujenzi nitayapitia kwa ufupi, isipokuwa manne ambayo mafundi hawapendi kuyasikia.

La kwanza ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kila nyumba na mita yake, hata kama kuunganishiwa ni gharama. Mita moja kwa wapangaji wawili ni ugomvi wa pasi na friji kila Jumapili, na anayeitwa kuamua ni wewe. Ujue pia kwamba kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU. Hilo ni deni lako mwenye nyumba. Mpangaji akikatwa kwenye mita yake, mrudishie, usimwache akunung'unikie chini chini.

La pili ni maji. Kila nyumba na mita ndogo ya maji, na tenki moja la pamoja lililoinuliwa, la lita 2,000 hivi. Nyumba yenye maji siku mtaa mzima hauna maji haikai bila mpangaji.

La tatu ni choo. Shimo liwekwe mahali mpira wa gari la kunyonya utafika bila kupita sebuleni kwa mtu. Najua inachekesha, lakini nimesimamia nyumba ambayo shimo lilichimbwa nyuma kabisa, kisha ukuta ukajengwa, na kila likijaa ukuta unatobolewa. Acha njia ya pembeni ya mita tatu tangu kwenye ramani, utaitumia pia wakati wa kupitisha mchanga wa nyumba ya tatu na ya nne.

La nne ni anasa. Mpangaji wa 150,000 anataka maji, umeme wake, geti linalofungwa, sakafu ya vigae isiyoteleza na dirisha lenye nyavu. Dari la jipsamu lenye taa za rangi halimwongezei hata 5,000 kwenye bei. Fundi atakusukuma huko kwa sababu huko ndiko kuna fedha yake. Fedha hiyo weka kwenye bati la geji nzuri na kwenye mabomba.

Kuhusu kupangisha. Huku Dar tumezoea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hata mwaka. Wewe pokea miezi mitatu. Wapangaji wa Chamazi wengi wanaingiza kwa siku au kwa wiki: dereva, mama lishe, fundi nguo, kijana wa duka Mbagala Rangi Tatu. Kumtafutia mtu wa namna hiyo 900,000 kwa mara moja ni kumwambia aende kwa jirani. Kwa 450,000 utachagua mpangaji badala ya kungoja yeyote. Na hata ukipewa ya miezi sita, fedha hiyo ni ya miezi sita. Igawe uile kidogo kidogo, usiinunulie makochi mwezi wa kwanza.

Mkataba uandikwe, hata mpangaji akiwa mtoto wa rafiki yako. Majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kodi na tarehe yake, idadi ya watakaokaa, nani anatengeneza nini, na taarifa ya muda gani kabla ya kuhama au ya kupandisha kodi. Piga picha za kila chumba siku ya kukabidhi, mbele yake. Serikali ya mtaa iwe na nakala, au angalau ijue nani amehamia. Mpangaji akishindwa kulipa, usithubutu kung'oa mlango wala kumtolea vyombo nje. Sheria ya zamani iliyokuwa ikibana kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na wenye nyumba wengi wakadhani sasa kila mtu ni mfalme kwake. Siyo. Mgogoro wa pango unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mwenye nyumba aliyetoa vyombo bila amri hufika pale akiwa yeye ndiye mshtakiwa. Barua ya madai ya mapema, tena yenye tarehe, hukuokoa zaidi kuliko ukali.

Ukija kwenye fremu, ongeza kifungu kimoja kwenye mkataba: mpangaji haruhusiwi kumkabidhi mtu mwingine fremu bila idhini yako ya maandishi. Bila hicho atauza kilemba. Utafika siku moja ukute mtu usiyemjua, ameshatoa mamilioni kwa aliyetoka, na anakuambia yeye sasa ndiye mpangaji wako kwa bei ileile ya miaka mitatu iliyopita. Taja pia biashara zisizotakiwa, kama baa yenye muziki na gereji ya kupulizia rangi, kwa sababu nyuma ya fremu hizo kuna watu wako wa 150,000 wanaotaka kulala. Mlango wa wapangaji wa kuishi usipite katikati ya maduka.

TRA nenda mwenyewe mapema ukiwa na namba yako ya mlipakodi na mikataba. Mpangaji wa biashara ndiye anayepaswa kukata ile asilimia 10 na kuipeleka, kisha akupe cheti cha kodi ya zuio. Kitunze, ndicho ushahidi kwamba umelipa. Kwa nyumba za kuishi, waulize hapo hapo TRA nani anayepaswa kuikata na kuipeleka. Mkataba wa pango unalipiwa pia ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na usiolipiwa utakupa tabu ukitaka kuutumia mbele ya baraza. Fungua akaunti ya benki ya nyumba peke yake, kodi yote iingie humo na fundi alipwe kutoka humo. Mwisho wa mwaka hutakuwa na haja ya kubishana na mzee kuhusu nani alikula nini.

Na huyo mzee usimnyime kabisa, maana huenda mtaa ukampa haki. Acha mita tano za mbele bila kujengwa, ndani ya mpaka wenu na nje ya hifadhi ya barabara. Akishapata ruhusa ya mtaa na manispaa, aweke hapo banda moja la mabati lenye sakafu ya zege na mita ya umeme, alitafutie mpangaji kwa 50,000. Likipata mtu ndani ya miezi mitatu, na mtu huyo akalipa awamu ya pili bila kufuatwa, basi kabla ya nyumba ya tatu jengeni fremu mbili. Likikaa na kufuli, bati na nondo zake zitatumika kwenye paa la nyumba ya tatu, na mtakuwa mmelipia jibu hilo kwa sehemu ndogo tu ya zile milioni 36.